Baba Yako Nani?

Kuna jambo moja watu wengi hawalijui, na kutolijua kwao kunanitia kichaa. Mtu akitumia kadi ya wizi kununua kitu kwenye duka la mtandaoni, benki hailipi. Benki inamrudishia mwenye kadi pesa zake, kisha inakwenda kuzichukua kwa mwenye duka, na juu yake inamtoza faini ya usumbufu. Bidhaa imekwenda, pesa imekwenda, na wewe uliyeibiwa ndiye unayeandikiwa barua ya onyo. Siku niliyosomewa sheria hiyo kwenye simu na msichana wa kampuni inayotupokelea malipo ya kadi, nilimwambia aichukue sheria yake akaichemshie chai. Akanishukuru kwa kupiga simu.

Naitwa Effie MacLellan. Mimi na mume wangu Rannie tunatengeneza na kuuza fidla hapa Cape Breton, kisiwa cha mashariki ya Kanada, kwenye banda lililokuwa zizi la ng'ombe la baba yake. Yeye anachonga, mimi nauza. Kabla ya hapo Rannie alikuwa mtu wa kambi za mafuta kule Alberta, magharibi ya nchi, kama nusu ya wanaume wa kisiwa hiki. Anakaa huko wiki tatu, anarudi nyumbani wiki moja, na wiki yenyewe anailala yote. Binti yetu Morag alijifunza kutembea baba yake akimtazama kwenye simu. Duka ndilo lililomrudisha Rannie nyumbani, na duka lenyewe linaning'inia kwenye uzi mmoja tu, ruhusa ya kupokea kadi. Wanunuzi wetu wako Boston, Detroit na Toronto, wajukuu wa watu waliohama hapa kutafuta kazi, na hakuna mjukuu wa siku hizi anayetuma hundi kwa posta.

Mwizi wa kwanza alituchukulia fidla tatu kwa mpigo. Alikuwa na namba ya kadi, jina la mwenye kadi, hata zile tarakimu tatu za nyuma. Nilifurahi kama mpumbavu. Nikazifunga vizuri, nikaandika kikaratasi cha asante kwa mkono, na ndani ya kila sanduku nikaweka biskuti za shayiri nilizooka mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa mwenye kadi, mama mmoja wa Ohio asiyejua hata fidla inashikwaje, akalalamika benki, na sisi tukabaki na vumbi la mbao. Fidla pengine nitasamehe nikishazeeka. Biskuti sisamehi.

Likaja lile onyo. Likipatikana lalamiko jingine likathibitika kabla ya mwaka kwisha, akaunti yetu itafungwa, na kampuni nyingine zote zitaona kwamba tuliwahi kufungiwa. Rannie alilisoma amesimama, akalikunja, akarudi kwenye randa yake. Nilijua anawaza nini. Viatu vyake vya kambini bado vilikuwa nyuma ya mlango.

Kampuni hiyo hiyo ikatuuzia mlinzi, yaani mashine ya kuchungulia oda. Inalinganisha jina na jina la kwenye kadi, na anwani na anwani ya kwenye kadi, kisha inawasha kijani utume au nyekundu usitume. Nikailipia. Siku iliyofuata ikawaka nyekundu tupu, na waliozuiwa wote walikuwa watu wetu.

Upande wetu wa kisiwa majina ya ukoo hayatoshi watu. Ukirusha jiwe kanisani Jumapili utampiga MacDonald, na akigeuka kumtafuta aliyerusha atamkuta MacDonald mwenzake. Kwa hiyo majina hayo hatuyatumii. Mtu ni Sandy wa Angus wa Mlimani, ni Johnny Masizi, ni Mary wa Hughie wa Dan. Wengine unalijua jina lao la cheti siku ya mazishi, na unauliza aliyekufa ni nani.

Nilimkuta Archie wa Posta kwenye duka la ushirika, yuko kwenye foleni na mkate wake. Nyuzi za fidla alizoagiza zilikuwa zimekataliwa kila alipojaribu, mpaka benki ikaifungia kadi yake.

"Huyo anakuja," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye majokofu ya nyama. "Mheshimiwa Effie. Naomba ruhusa ninunue mkate, mama, au na huu nao nimeiba?"

"Archie, si mimi. Ni mashine."

"Mashine imeniandikia eti hawawezi kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Zaidi ya miaka sabini niko mimi, Effie! Mama yangu alithibitisha, na mkunga alikuwepo."

"Uliandika jina gani?"

"Jina langu! Archie wa Posta!"

"Na kwenye kadi pameandikwaje?"

"Pameandikwa upuuzi wao. Archibald Joseph MacDonald. Huyo hata simjui."

Foleni nzima ikacheka, mimi nikapandwa na mori. Nikamwambia aandike jina la kwenye kadi kama watu wengine duniani. Akaniambia watu wengine duniani hawakubeba jeneza la baba yangu kwenye theluji. Hapo nikaondoka bila kununua nilichofuata.

Basi nikakaa nikafikiri, na nilipopata nilichokipata nilijiona nina akili kuliko wote walionizunguka. Huku kwetu ukimtajia mtu jina lako la ukoo, jambo la kwanza atakalokuuliza ni "Baba yako nani?" Hakuna utovu wa adabu hapo. Anataka kujua akuweke wapi. Ukishasema wewe ni wa fulani wa fulani, hata kama umezaliwa Detroit na hujawahi kukanyaga kisiwa hiki, unawekewa chai. Nikasema hilo ndilo kufuli langu. Namba ya kadi inauzwa, anwani inauzwa, hata jina la mama mzazi linauzwa, lakini hakuna soko la wezi linalouza habari kwamba babu yako aliitwa Rory Kijiko na kwa nini. Kila oda itakayowaka nyekundu nitaipigia simu. Akijua baba yake, natuma. Asipojua, namchamba.

Wa kwanza kunaswa alijiita Duncan MacIsaac. Alitaka fidla ya bei ya juu na pinde mbili za kuipigia, zipelekwe haraka kwenye bohari moja huko New Jersey.

"Halo, Duncan, hujambo? Effie hapa, wa fidla. Nyinyi ni MacIsaac wa wapi?"

"Wa huko huko Cape Breton," akasema. "Upande wa babu."

"Vizuri sana! Baba yako nani?"

"Samahani?"

"Baba yako. Nani?"

"Bwana MacIsaac," akasema.

Nilicheka mpaka Rannie akaacha kazi akaja kunitazama. "Bwana MacIsaac! Huku hatujawahi kuwa na bwana MacIsaac hata mmoja, kaka. Tuna MacIsaac Mguu, tuna MacIsaac Injini, na tuna MacIsaac aliyetumbukia kisimani mara mbili. Wewe ni wa yupi?"

Akakata. Nikampigia tena, maana sikuwa nimemaliza. Nikamwambia za mwizi ni arobaini, na amfikishie salamu zangu mwenzake aliyekula biskuti zangu, kama zilimkaba kooni namshukuru Mungu.

Majira yote ya joto mambo yakaenda hivyo. Archie wa Posta akapata nyuzi zake na tukapatana. Watu wakaanza kunitania njiani, "Effie, leo wangapi wamekosa baba?" Nami nikavimba kichwa. Nilikuwa naisimulia habari ya Bwana MacIsaac kila palipokuwa na chai, na kila nikisimulia sauti ya yule mwizi inazidi kuwa ya kipumbavu.

Mwezi wa kumi, majani ya milimani yamegeuka mekundu na wageni wamejaa kwa ajili ya tamasha la muziki, ikaja oda ya fidla iliyo bora kuliko zote alizowahi kutengeneza Rannie. Aliichonga majira yote ya baridi. Mgongo wake ulikuwa wa mbao ya mti wa mepo yenye mawimbi, na alipoipiga mara ya kwanza Morag alishuka ngazi na soksi moja kuja kuangalia kuna nani. Jina kwenye kadi lilikuwa Margaret Beaton. Anwani ya kadi ilikuwa nyumba ya wazee mjini Sydney, Sydney yetu ya hapa kisiwani, lakini mzigo ulitakiwa upelekwe kwenye fleti moja mtaa mwingine wa mji huo huo. Mashine ikawaka nyekundu kama tanuri.

Nikapiga simu. Akapokea mwanamume.

"Baba yako nani?" nikamuuliza, hata salamu sikumpa.

"Jimmy wa Dan Mrefu," akajibu bila kuvuta pumzi. "Mama yangu ni Peigi wa Mhunzi. Na wewe ni Effie wa Hector wa Darajani, na baba yako alimuuzia baba yangu farasi aliyekuwa akiogopa kuku."

"Lauchie!" nikapiga kelele. "Lauchie wa Peigi! Ulipotelea wapi wewe?"

Farasi huyo alikuwepo kweli. Tulicheka habari zake, tukaingia kwenye habari za dansi za zamani, jinsi Peigi mama yake alivyokuwa akipiga piano usiku kucha huku anavuta sigara bila kukung'uta majivu. Nikamuuliza habari za kadi. Akasema ni ya mama, Margaret ndiye huyo huyo Peigi, si najua. Nilijua. Akasema mama ameamua kumnunulia fidla kwa kumbukumbu ya mzee Jimmy, kabla hajafumba macho. Machozi yakanitoka pale pale kaunta.

Rannie alikuwa mlangoni anasikiliza. "Mashine imesema nyekundu, Effie."

"Mashine haina baba."

"Basi mpigie Peigi mwenyewe. Simu moja tu."

"Nimpigie nimwambie nini? Eti mama, hebu nihakikishie kwamba mwanao si mwizi? Kisiwa kizima kitajua kabla chai haijapoa. Huyo ni mtoto wa Jimmy wa Dan Mrefu, Rannie."

Akaifunga fidla mwenyewe, taratibu, kama anayemvika mtoto kwenda shule. Nikabonyeza pale palipoandikwa kwamba natuma kwa hiari yangu na hasara ni juu yangu. Biskuti nikaweka.

Mwezi uliofuata lalamiko likafika. Mwenye kadi, Margaret Beaton, anasema hajanunua fidla wala hajui aliyeinunua ni nani. Muuzaji alionywa kwa alama nyekundu, akatuma. Tunasubiri uthibitisho wa mwenye kadi, kisha akaunti itafungwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekifulia nguo na kukipigia pasi. Sikumsubiri Rannie. Niliwasha gari nikaenda Sydney kwenye mvua ya theluji, naendesha kama mwehu, nasema peke yangu maneno ambayo padri hajawahi kuyasikia hata kwenye maungamo.

Lauchie akafungua mlango na kikombe cha chai mkononi. Nywele zimeanza mvi, tabasamu ni lile lile la Jimmy. "Effie wa Hector! Ingia, ingia, baridi hiyo."

"Fidla iko wapi?"

"Kaa kwanza basi, mwanamke wewe."

"Iko wapi, Lauchie?"

Alikuwa ameshaiuza. Kwa nusu bei, kwa mtu wa Ontario aliyekuja kwenye tamasha. Nilisimama kwenye sebule yake, ukutani pana televisheni kubwa mpya bado ina karatasi ya dukani kwenye kona, na nilitamani kumkamata masikio.

"Mbona unakasirika hivyo?" akasema. "Hakuna aliyeumia. Mama amelalamika, benki itamrudishia. Ni benki ndiyo inalipa. Benki zina pesa, Effie."

"Benki hailipi!" Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. "Nalipa mimi! Analipa Rannie! Uliiba baridi nzima ya mikono yake, na sasa wananifungia duka, na mume wangu anarudi kambini kwa sababu yako, mjinga wewe!"

Nadhani hilo kweli hakulijua. Uso ulimwanguka kidogo. Akaketi, akazungusha kikombe, na nikamwona akitafuta njia ya kutokea, kama vile anavyotafuta tangu tukiwa darasani.

"Wanasemaje ili wasikufungie?" akauliza.

"Mwenye kadi aondoe lalamiko. Aseme alinunua."

"Basi mbona rahisi. Mama aseme alisahau. Ana miaka themanini na kitu, nani atashangaa? Nenda kamwambie tu kwamba fidla ilitoka kwako. Hajui kama duka lile ni lenu, kwenye taarifa ya benki panatokea jina la ile kampuni inayowapokelea malipo. Akijua ni wewe, atayamaliza mwenyewe."

"Na wewe?"

"Mimi nitakulipa kidogo kidogo."

Nilimwambia hata mbwa asingemwamini amshikie mfupa. Lakini nilikwenda. Sijipambi. Niliendesha mpaka nyumba ya wazee, na njia nzima nilikuwa najiambia kwamba ni neno dogo tu, nilisahau, na Rannie atakaa nyumbani.

Peigi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, anafuma. Mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa vizuri, vidole vimepinda lakini haviachi kazi. Aliponiona, kabla hata sijafungua mdomo, akasema, "Leo Alhamisi."

"Ndiyo, Mama Peigi, ni Alhamisi. Mbona unaniambia?"

"Huwa nawawahi kabla hawajaniuliza. Ah, ni wewe, Effie wa Hector! Samahani mwanangu, nilidhani ni nesi. Wananiuliza siku, wananiuliza mwezi, wananiuliza waziri mkuu ni nani, kana kwamba mimi namhitaji." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Kichwa changu kimeanza kuniacha. Tangu kiangazi. Nilitoa pesa kwenye mashine ya benki, nikasahau. Nikanunua televisheni, mwanangu, televisheni, na siioni humu. Lauchie anasema niliigawa. Hanigombezi, ananikumbusha polepole. 'Mama, ulisahau tu.' Mtoto mzuri. Jumatatu daktari anakuja kunipima, na wakiona sifai tena, Lauchie ataweka sahihi kwa niaba yangu. Benki, nyumba ya kule Darajani, vyote."

Karatasi ile kwenye kona ya televisheni nilikuwa bado naiona.

"Na juzi limekuja jingine," akaendelea. "Eti nimenunua fidla. Nikawapigia, nikasema huyo ni mwizi, vidole hivi vilivyopinda havibani nyuzi. Nilikuwa na hakika kabisa, Effie. Kwa mara moja nilikuwa na hakika."

"Fidla ile ilitoka kwetu," nikasema. Nilikuwa nimelibeba neno hilo njia nzima, likatoka lenyewe.

Akaacha kufuma. "Kwenu? Kwa Rannie?" Akanitazama, na nikaona jinsi ile hakika yake inavyomtoka usoni. "Basi si mwizi. Basi nilinunua, nikasahau na hilo nalo. Maskini wewe, na nimekuletea matatizo! Nipe hiyo simu."

Akapiga mwenyewe, namba anaijua kwa kichwa. Akaweka sauti ya nje, akaulaza mkono wangu kwenye magoti yake. Muziki wa kusubiri ukaanza, jigi moja ya dansi iliyopigwa na mtu asiyejali, na kidole chake kikawa kinagonga mkono wangu kwa mpigo sahihi, si ule wa kwenye simu.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Hakuna aliyeniomba niseme uongo. Mama mwenyewe anaamini, benki itaamini, Rannie atabaki nyumbani, Morag atakuwa na baba mezani. Mungu ni shahidi, nilijaribu. Nilitafuna midomo. Niliwaza viatu nyuma ya mlango, nikawaza wiki tatu na wiki moja. Nikamwaza na daktari wa Jumatatu, na Peigi akimwambia kwa adabu kwamba ndiyo, siku hizi anasahau, hata fidla aliinunua akasahau.

Msichana wa benki akapokea. Peigi akataja jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya kadi yote bila kuitazama.

"Kuhusu lile lalamiko, Bi Beaton. Unakumbuka kufanya manunuzi hayo?"

"Sikumbuki, binti yangu. Lakini siku hizi sijiamini. Andika tu kwamba nilisahau."

"Usiandike!" nikasema.

Peigi akashtuka. Msichana akauliza ni nani huyo.

"Mimi ndiye muuzaji. Mimi ndiye mnayetaka kumfungia. Andika hivi, na uandike vizuri. Huyu mama hajanunua kitu. Oda iliwekwa na mwanawe Lauchlin, nimeongea naye kwa mdomo wangu, mashine ikanikataza na nikatuma. Leo nimetoka kwake, na fidla ameshaiuza. Mama hajasahau fidla kwa sababu hakuna cha kusahau. Na zile pesa za kwenye mashine ya benki, na hiyo televisheni, zitazameni upya, kwa sababu hizo nazo hajazisahau."

"Unaelewa, mama," akasema yule msichana, "kwamba maelezo haya yanathibitisha lalamiko dhidi yako?"

"Naelewa kuliko wewe na bosi wako."

Simu ikakatika. Nilingoja alie au anifukuze, maana nilikuwa nimemwita mwanawe wa pekee mwizi mbele ya watu.

"Televisheni iko wapi?" akauliza.

"Iko kwa Lauchie, ukutani. Nimeiona leo."

Akafikiri kidogo. Akahesabu kitu kichwani, mwezi baada ya mwezi, midomo ikicheza.

"Kumbe nilikuwa mzima," akasema. "Muda wote huu nilikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, mama."

"Toka nje kidogo, mwanangu. Nataka kukasirika peke yangu."

Nikatoka, nikasimama kwenye korido. Nilisikia kitu kikivunjika, nadhani kikombe, kisha kingine. Nesi akaja mbio, nikamzuia mlangoni. Nikamwambia mwache, anapona.

Kampuni ilitufungia kabla ya Krismasi, kama walivyosema. Peigi aliwatajia polisi jina la mwanawe mwenyewe, kwa herufi, na daktari alipokuja Jumatatu alimkuta anafuma, na Peigi ndiye aliyemuuliza leo siku gani. Huku kijijini watu wamegawanyika. Wapo wanaonikwepa dukani. Archie wa Posta aliniambia usoni kwamba yale yangemalizwa ndani, kwamba Lauchie ni wetu hata akikosea. Wetu! Nilimjibu kwamba mwizi wa kwanza aliniibia asijue hata jina langu, na huyu aliniibia akitaja la baba yangu, na yupi kati yao anastahili kuchekewa? Archie akasema hasira hasara. Nikamwambia hasara ninayo tayari, aniachie basi na hasira.

Rannie nilimweleza yote siku ile ile. Alikuwa anachonga. Alimaliza ubao aliokuwa nao, akafuta vumbi mikononi, akaenda kuwapigia simu watu wa kambi. Nilitaka anigombeze. Ningempa la kujibu, tungepiga kelele mpaka tukachoka. Hakunipa hata hilo.

Aliondoka Januari, theluji imefika madirishani. Alivaa vile viatu, akambusu Morag aliyekuwa amekasirika hataki kumtazama, akachukua begi. Mlangoni akageuka, nikadhani sasa ndipo ananilaumu.

"Samaki wa chumvi yumo kwenye friji," akasema. "Mpelekee Peigi Jumapili. Chakula cha pale hakiliki."

Jumapili nikampelekea. Njia nzima nilikuwa nalia na kutukana, na nilipofika alikuwa ameshaweka sahani mbili mezani.